Kata, Debe na Bomba

Kata ni chombo kidogo sana. Ni kifuu cha nazi kilichokatwa kipande upande wa juu, kikapenyezwa kijiti kirefu kuwa mpini, basi. Kata si upawa. Upawa ni nusu ya kifuu, mpana, na kazi yake ni mchuzi; kata imeachiwa tumbo lake, nayo kazi yake ni kuchota maji mtungini. Baadhi ya wenzetu huita kwa neno hilohilo ile ngata ya majani au kitambaa ambayo mtu huweka kichwani chini ya mzigo wa maji. Hivyo neno moja limebeba safari nzima ya maji, tangu utosini mwa aliyeyachukua mpaka mdomoni mwa aliyeyanywa.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifikiri kwamba historia ya maji ya nyumbani, hapa pwani na bara yake, yaweza kusimuliwa kwa vyombo vitatu: kata, debe na bomba. Vitabu vya historia tulivyosoma shuleni vilitusimulia majahazi, pembe za ndovu, karafuu, na wafalme waliopinduana. Ni mara chache vilituambia nani aliteka maji ya hao wafalme. Nami naona hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa mji unaweza kukaa miaka bila pembe za ndovu, lakini bila maji haumalizi wiki.

Tuanze na mgeni. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita pwani yetu akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja Mombasa. Usiku mmoja tu, lakini alikuwa na jicho. Katika habari zake anaeleza kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vifupi, kina chake dhiraa moja au mbili, na watu walichota maji kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba. Ardhi kuzunguka kisima ilikuwa imesawazishwa. Anayetaka kuingia aliosha miguu kwanza, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mlangoni. Na mwenye kutawadha alikibana chombo kile kati ya mapaja, akajimiminia mikononi.

Nimesoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara hushangaa jinsi kinavyofanana na mambo niliyoyaona mwenyewe utotoni, miaka zaidi ya mia sita baadaye. Kubana kata kwa mapaja si jambo la ajabu kwa mtu asiye na wa kummiminia. Mikono miwili inahitajiana, na chombo kinataka mshikaji wa tatu. Kwa hiyo maji hutoka kidogo kidogo, kwa kadiri mwili unavyoinama, na huwezi kumwaga mengi hata ukitaka. Kipimo kilikuwa ndani ya chombo chenyewe. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Ingawa mahubiri nayo yalikuwapo. Katika mafundisho ya Kiislamu imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Wanazuoni wetu wa pwani waliitafsiri mudi kuwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Kibaba cha maji hakifiki lita moja. Mtu aliyefundishwa hivyo, tena akapewa kata mkononi, alikuwa na sababu mbili za kutomwaga, na zote mbili alizipata kabla hajatimiza miaka saba. Methali ya haba na haba sote tunaijua, lakini tumezoea kuifikiria kwa nafaka na fedha tu.

Lakini nisiwapambe wazee kupita kiasi. Kilwa hiyohiyo aliyoiendea Ibn Battuta ilikuwa na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ndani yake mna birika la kuogea lenye pembe nane, la wazi, ambalo mgeni akienda leo bado ataliona. Ni zuri. Nami nilipolitazama, wazo la kwanza lililonijia halikuwa uzuri wake. Nilijiuliza ni vichwa vingapi vilivyopanda mwamba ule na mitungi ili bwana mmoja ajitose. Tangu hapo, kila nisikiapo kwamba zamani watu walijua thamani ya maji, huwa nataka kujua kwanza ni watu gani. Aliyeyateka alijua. Aliyeoga hakulazimika kujua.

Kaskazini zaidi, karibu na Malindi, uko mji uliokufa wa Gedi. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ulihamwa mapema katika karne ya 17, na sababu zinazotajwa ni nyingi: vita, uhamaji wa makabila kutoka kaskazini, kuhama kwa biashara. Mojawapo ni maji. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilipata kuchimbwa zaidi kwenda chini, na hiyo ni dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Kisima kinachochimbwa mara ya pili ni habari mbaya iliyoandikwa katika mawe. Mtu haongezi kamba kwa kupenda.

Lamu wao walipata bahati ya vichuguu vya mchanga. Mvua inyeshayo juu ya matuta ya Shela huzama mchangani na kukaa chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi, na visima vya mji vimeishi kwa hayo karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu, chooni mna birika la chokaa lililojazwa kwa ndoo. Maji yaliyosimama huzaa viluwiluwi vya mbu, na wenyeji walilipatia jambo hilo dawa: waliweka samaki wadogo ndani ya birika, wale viluwiluwi. Na chini kabisa, katika sakafu ya birika, walizika bakuli la kauri ya Kichina, ili siku maji yanapokwisha samaki wabaki na mahali pa kujificha mpaka birika lijazwe tena. Bakuli lililosafiri kutoka China likaishia kuwa kimbilio la samaki wa chooni! Wengine huona hapo kisa cha utajiri wa Waswahili. Mimi naona kwamba watu wale walijua hakika kuwa siku ya birika kukauka itakuja, wakajenga nyumba zao kwa kuihesabu siku hiyo.

Mambo hayakuwa hivyo kwa Wareno wa Mombasa. Ngome waliyoianza mwaka 1593 ilikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, yakafaa kwa kuoshea tu. Wakategemea tangi la mvua. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na dhiki kuliko mizinga.

Hao Waomani walikuwa na elimu yao ya maji, nayo ni nzito. Kwao maji hutolewa chini ya milima kwa mfereji uitwao falaji, unaoteremka kwa mwinamo mdogo sana hadi kijijini. Yapo maelfu ya falaji yanayotumika hata leo, na matano kati yake yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kinachonivutia si uhandisi wake, bali utaratibu. Maji yafikapo kijijini hupita kwanza mahali pa kutekea ya kunywa. Kisha hupita msikitini na penye kuogea. Kisha ndiyo huingia mashambani, mitende ikitangulia kwa kuwa ni mali ya miaka mingi, na mazao ya msimu yakifuata kama kuna ziada. Haki ya kila mtu hupimwa kwa muda, nusu saa nusu saa, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mwaka wa ukame hakuna haja ya kamati kukutana: mazao ya msimu ndiyo yanayokosa, na kila mtu alijua hivyo tangu mwanzo.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi ng'ambo ya mto Pangani, hakuwahi kusikia neno falaji. Lakini nyumbani kwake maji yalifuata njia hiyohiyo. Palikuwa na visima viwili: cha karibu maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, hasa bahari ikijaa, cha mbali kilikuwa cha maji baridi. Maji baridi yalikuwa ya mtungini, ya kunywa na kupikia. Maji ya kuoshea mchele wanapewa kuku. Maji ya kufulia nguo yanasugulia sakafu ya choo. Maji ya kuogea yanapita chini ya ukuta wa makuti na kuingia kwenye migomba, na mpapai ulioota hapohapo bila kupandwa. Mchicha haukupewa maji yenye sabuni kabisa; huo ulikuwa na haki ya maji safi, kata moja kwa kila shina, jioni jua likishuka, wala si mchana. Nasi wajukuu tukimwaga maji hatukupigwa. Tulitumwa kisimani kuleta mengine. Kisima cha mbali.

Unguja ilibadilika kabla ya mahali pengine. Mji Mkongwe ulikuwa na visima vingi vya maji mabaya, na maji mazuri yaliletwa kutoka nje ya mji vichwani mwa wanawake, wengi wao wakiwa watumwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia na kuua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikatoka mwaka 1876. Sayyid Barghash bin Said alishika utawala Oktoba 1870, mji ukiwa bado una makaburi mabichi. Alikwisha kukaa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Aliporudi na kutulia alijenga mfereji na mabomba kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji, akawapa watu maji bure. Akajenga na mabafu ya Hamamni, ambayo yalitumika mpaka karibu mwaka 1920.

Wapo wanaomkumbuka Barghash kwa Beit al-Ajaib, na taa, na saa ya mnara. Mimi ningemkumbuka kwa bomba. Kwa mara ya kwanza katika pwani hii maji mengi yalikuja mjini bila kichwa cha mtu. Fikiria mwanamke aliyekuwa akienda na mtungi kila alfajiri, siku moja akaambiwa maji yako pale barabarani. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na Barghash huyohuyo mwaka 1873, kwa kulazimishwa na Waingereza. Utumwa wenyewe ulibaki mpaka mwaka 1897. Bomba basi lilimpunguzia mzigo mtu ambaye sheria ilikuwa haijampa uhuru.

Debe ni mtoto wa mafuta ya taa. Mafuta hayo yalikuja kutoka Marekani na baadaye Urusi katika makopo ya bati ya pembe nne, na mafuta yakiisha kopo lilibaki. Lilikuwa jepesi kuliko mtungi, halivunjiki, lina ujazo wa kama lita 18, na likitiwa kijiti mdomoni linakuwa ndoo. Ndani ya miaka michache likawa kipimo cha kila kitu: mahindi, mchanga, chokaa, maembe. Mfinyanzi alipoteza soko, hakuna shaka. Lakini aliyepata hasara zaidi nadhani ni mchukuzi, maana mtungi wa mtoto ulikuwa mdogo kwa mtoto na wa mama mkubwa kwa mama, ila debe ni debe. Binti wa miaka kumi alitwishwa kilo 18 zilezile. Madumu ya plastiki ya lita 20 yaliyokuja baadaye yaliongeza lita mbili juu ya shingo hiyohiyo.

Bomba la nyumbani, lile la kufungua jikoni kwako, kwa wengi wetu ni jambo la baada ya Vita Kuu ya Pili. Dar es Salaam ilipata mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959 na Ruvu Chini mwaka 1976. Vijijini, serikali ilitangaza mwaka 1971 kwamba katika miaka 20 kila mwananchi atapata maji safi mahali pasipozidi mita 400 kutoka kwake. Ilikuwa ahadi njema na iliaminiwa. Mwaka 1991 ulipofika, mashine nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera mpya ikaanza kuzungumzia wananchi kuchangia gharama.

Kabla kidogo ya ahadi hiyo ilikuwa imefanyika kazi moja ya utafiti ambayo natamani kila mwenye nyumba angeisoma. Kati ya mwaka 1966 na 1968 Gilbert White, David Bradley na Anne White, pamoja na wanafunzi wa vyuo vyetu, walikwenda sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania, wakakaa na familia na kupima maji waliyotumia, ndoo kwa ndoo. Kitabu kilitoka mwaka 1972, na jina lake lawasifu watekaji wa maji. Waligundua kwamba nyumba zisizo na bomba zilitumia wastani wa kama lita 11 kwa mtu kwa siku. Zenye bomba zilitumia mara kumi ya hapo na zaidi.

Tupige hesabu kidogo. Familia ya watu 6, lita 11 kila mmoja, ni lita 66. Hayafiki madebe manne. Humo mna chai, ugali, uji wa mtoto, kuosha vyombo, kuoga, na kufua. Wakati huohuo choo cha kuvuta cha mtindo wa Kiingereza kilimwaga lita 9 kila mara mnyororo ulipovutwa. Yaani mtu mmoja wa Oysterbay akivuta choo mara moja alikaribia kumaliza maji ya siku nzima ya mwenzake wa kijijini. Sisemi alikuwa mbaya. Chombo chake hakikuwa na kipimo. Aliona mnyororo tu.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, watafiti wengine walirudi katika sehemu zilezile. Walichokikuta kingewashangaza waasisi wa miradi yote. Nyumba zisizo na bomba zilikuwa zimeongeza matumizi kufikia karibu lita 20. Nyumba zenye bomba zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu. Na katika miji, muda wa kutafuta maji kwa wasio na bomba ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Zamani wenye bomba karibu hawakuweka akiba ya maji ndani, kwa nini waweke? Safari hii karibu wote walikuwa na mapipa, ndoo na matangi. Bomba lilikuwapo ukutani, limenyamaza.

Naikumbuka vizuri miaka hiyo. Mtu alikwenda kulala ameacha koki wazi na ndoo chini yake, ili maji yakija saa nane usiku sauti imwamshe. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alisema bomba lake limekuwa jogoo. Pipa la lita 200 likawa samani ya kwanza ya wanandoa wapya. Kisha yakaja yale matangi meusi ya plastiki ambayo sote tunayaita simtanki bila kujali aliyeyatengeneza. Kwa njia hiyo Lamu ilituingia majumbani kwa mlango wa nyuma: birika limerudi, isipokuwa samaki.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu neno lenyewe. Siku hizi twaambiwa "tuokoe maji". Katika Kiswahili nilichokulia, anayeokolewa ni mtu, tena mara nyingi anaokolewa kutoka majini. Wazee wetu walisema maji hayachezewi, au usimwage maji. Nadhani neno kuokoa limetujia pamoja na mabango, nalo lina udhaifu wake: linamweka mwenye mpira wa kumwagilia majani na mwenye dumu moja katika fungu moja, wote waokoe. Wale wa lita 11 hawakuwa wakiokoa chochote. Walikuwa wakikosa. David Bradley alilieleza hilo kitaalamu alipoyagawa maradhi ya maji katika mafungu. Mojawapo ni maradhi yasiyotokana na maji machafu, bali na maji kuwa machache mno kwa kujiosha. Upele ni mmojawapo, na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha.

Kongwa, mkoani Dodoma, wanaujua vizuri. Watafiti waliofanya kazi huko tangu miaka ya 1980 waliona kwamba watoto wenye nyuso chafu ndio walioambukizwa zaidi, na kwamba akina mama waliamini kuosha nyuso kunakula maji mengi kuliko inavyokuwa. Ilipoonyeshwa mbele yao, maji kidogo yaliosha nyuso za watoto wengi. Mama aliyeyatembelea maji saa mbili si mtu wa kulaumiwa kwa kuyaogopa. Lakini hapo ndipo kubana matumizi kunapopita mpaka: pale ambapo dumu linabaki na maji na jicho la mtoto linapotea. Zimbabwe, katika miaka hiyohiyo ya 1980, walibuni kibuyu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kutoa mchirizi mdogo wa kunawia, nasi kwetu kikapokewa kwa jina zuri la kibuyu chirizi. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, kila duka na kila mlango wa msikiti na kanisa uliwekewa ndoo yenye koki. Nilisimama mbele ya mojawapo nikacheka peke yangu. Debe na bomba walikuwa wameoana.

Upande wa pili wa hesabu ni maji yanayopotea kabla hayajamfikia mtu wa kuambiwa aokoe. Katika miaka ya 2000 karibu nusu ya maji yaliyosukumwa jijini Dar es Salaam hayakuingiza hata senti, mengine yakivuja ardhini, mengine yakiunganishwa kwa wizi. Katika mtaa niliokaa wakati ule bomba kuu lilipasuka, bata wakapata bwawa, na bwawa likadumu muda wa kutosha bata kutotoa vifaranga. Tulitoa taarifa, tulipewa namba ya taarifa. Sasa mwambie mama anayenunua dumu kwa muuza maji mwenye mkokoteni, kwa bei inayopita ya bomba mara nyingi, kwamba maji ni machache kwa sababu yeye anafua sana.

Hata hivyo tone la nyumbani nalo si la kudharau. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hujaza debe zima kwa siku. Dawa yake ni mpira mdogo wa duara ambao fundi bomba yeyote anao mfukoni. Nimewahi kumwuliza fundi mmoja kwa nini watu hawaurekebishi mapema. Akajibu, "Mzee wangu, tone halipigi kelele mchana."

Oktoba 2022 Ruvu ilipungua sana na jiji likawekwa kwenye mgawo. Vijana wengi walikuwa hawajawahi kuona mgawo mkali namna ile. Nilimwona binti wa mdogo wangu, aliyekuwa akiishi nasi, akioga kwa ndoo nusu na kopo, na maji ya kusuuzia nguo akiyabeba mwenyewe kwenda chooni. Hakufundishwa na mtu. Nilitaka kumsifu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwona pia saa kumi alfajiri akiwa na madumu mawili kwenye foleni, na mtihani ulikuwa unamngoja.

Tangu mgawo ule tulipanga upya bustani yetu, kwa hesabu ya bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, masika na vuli zikijumlishwa. Paa la mita za mraba 100 basi hupokea lita 110,000, na hata ukipoteza robo, ni mengi kuliko yale madebe manne kwa siku kwa mwaka mzima. Shida ni kwamba yanakuja kwa mkupuo, na tangi la kuyaweka yote ni ghali kuliko nyumba za wengi. Wapare walilijua tatizo la namna hiyo zamani: walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayokusanya maji ya kijito usiku watu wamelala, ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu yafike mwisho wa shamba. Kwetu tangi la lita 2,000 linajaa siku moja ya masika, nalo linakwisha kabla ya Julai.

Kwa hiyo tumechimba shimo chini ya mlizamu, tukalijaza makumbi ya nazi na majani makavu, na ziada ya tangi inazama humo. Pembeni tumepanda migomba mitatu ya mkono wa tembo. Maji ya bafuni yanapelekwa upande huohuo kwa bomba la inchi mbili, yakipita kwanza katika mchanga na kokoto, na kila baada ya miezi kadhaa mchanga huo hubadilishwa maana hunuka. Mchicha uko mbali, unamwagiliwa jioni kwa kopo. Septemba iliyopita, jirani zetu walipokuwa na nyasi za rangi ya kamba, mgomba mmoja ulizaa mkungu ambao ilibidi tuuegemeze kwa miti miwili. Tuliukata siku ya Jumamosi, tukapeleka chane nne kwa mwalimu mwenye bomba jogoo, naye akauliza kwanza kama zina ladha ya sabuni.